Makala ya pumba ndani ya gunia la mama

Tantine Élise wa redioni, nakuandikia kwa sababu kusema siwezi, hata darasani mwalimu akiniuliza najibu Kifaransa changu nikitazama dawati, na nyumbani kwa Kiswahili ni vilevile. Bon. Mama yangu, mama Berthe, anauza makala, yaani makaa ya kupikia, hapa Mangobo, na mwaka huu shuleni tulifundishwa kuchoma pumba za mpunga ndani ya pipa lenye hewa kidogo mpaka ziwe nyeusi, kisha kuzisaga, kuzikanda na uji wa muhogo na kuzianika juani. Nilipomwambia mama alicheka mpaka akaketi: “Pumba? Mutoto, miye nauzisha makala, haiko uchafu!” Nikanyamaza, lakini mikono haikunyamaza, nikafinyanga vipande vibaya vibaya makusudi vifanane na makala ya mti, nikavichanganya ndani ya gunia lake, na sasa wateja wanarudi wakisifu, mama Nicole anayepika maharage sokoni anasema, “Makala ya safari hii haina moshi, madesu inaiva na moto ingali iko!”, na mama anatembea mabega juu akidhani ni kazi ya papa Wenceslas, mchomaji wake wa Bengamisa, naye papa Wenceslas hakukataa hata kidogo, alijibu kwa simu kwamba ni mti wa pekee anaoujua yeye tu! Alhamisi mama anapanda pikipiki kwenda kumwomba aikate miti yote ya aina hiyo. Tantine, nina furaha na ninaogopa. Akijua, ataona nimemfanya mjinga mbele ya wateja. Anakusikiliza kila Ijumaa. Hungemwambia wewe?

Mwenye mikono myeusi

Mwenye mikono myeusi, hapana. Unataka redio iungame kwa niaba yako, na kazi hiyo siifanyi. Tena nakukaripia kwanza: kitu kizuri ukikificha ndani ya gunia la mwingine, bado umedanganya. Mama Nicole alidhani amenunua makala ya mti. Papa Wenceslas naye, ah, tumwachie aibu yake.

Lakini cheka kidogo, mwanangu. Watu wamepika, wamekula, wamerudi kutafuta tena. Mama hakukukataa wewe, alikataa pumba ambazo hakuwahi kuziona zikiwaka. Nani angekubali?

Alors, jibu hili unalipata mkononi Jumanne, kabla sijalisoma hewani. Kesho ukitoka shuleni washa mbabula mbili, yale majiko ya makala, uani, moja kwa makala ya mti, nyingine kwa yako, weka sufuria juu ya zote mbili, umwite mama akae. Kasoro usifiche: pumba huacha majivu mengi, mwonyeshe. Halafu mwende wote wawili kwa mama Nicole, mumweleze, achague mwenyewe. Bengamisa mama aende tu, ila kwa wenye mashine za mpunga, akaombe pumba wanazotupa. Miti ibaki imesimama.

Na maneno mazuri usiyatafute, wala ya Kifaransa wala ya Kiswahili. Maji yakianza kuchemka, sema: “Mama, ilikuwa miye.”