Gesi Kwenye Boma la Ndama

Solai,
9 Juni 1957

Ndugu yangu Micah,

Pokea salamu nyingi. Natumaini wewe na watoto mko wazima huko Gilgil. Sisi miili ni mizima, Mungu ashukuriwe, lakini roho yangu inachemka. Barua yako ya kuniuliza kama ni kweli Mama anaroga ndama nimeitia motoni. Mama aliyekuzaa, Micah!

Mwezi wa tatu Bwana mwenye shamba alileta mashine ya kuchimba maji kilimani, juu ya boma. Maji hayakutoka. Ilitoka gesi, ikivuma kutwa kucha. Memsahibu akalalamikia kelele, basi wakafunga bomba kwa kifuniko cha chuma. Wiki hiyohiyo ndama wakaanza kufa huku chini bomani. Tisa! Hakuna jeraha, hakuna povu. Nyapara Kosgei akatangaza kwamba Mama amewaroga, na Bwana, pamoja na kusoma kwake kote, akakubali. Nyumba ya Mama ilibomolewa mvua ikinyesha. Sasa analala jikoni kwa shangazi Chepngeno.

Siku ya Jumanne, Akeyo, fundi wa ile mashine, alirudi kuchukua vyuma vyake. Nilipomweleza habari alikasirika sana. Alisema alimwonya Bwana asifunge bomba, kwa sababu gesi ikifungiwa haitulii. Inapenya nyufa za mwamba mpaka ipate pa kutokea, na hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini. Tukaingia bomani na taa. Kifuani iliwaka vizuri. Alipoishusha magotini ikazimika. Ndama akilala, pua yake iko hapo.

“Dada, hapa hakuna mchawi,” akaniambia. “Kuna bomba.”

Sasa nisikilize. Kosgei hakuanza yale maneno. Niliyaanza mimi. Ndama wa kwanza alikufa katika zamu yangu, na Kosgei akatishia kunifukuza kazi. Nikamwambia nilimwona Mama akipita pale na majani ya dawa. Ni kweli alipita. Alikuwa ananiletea mimi, nilikuwa nakohoa.

Jana nilimwambia Mama. Alichukua kikombe nilichonywea chai, akakiosha, akakifunika, akatoka nje.

Jumapili ijayo, watu wakitoka kanisani, nitayasema haya mbele ya Bwana na Kosgei, na Akeyo atashusha taa waone. Wakinifukuza, wanifukuze. Wewe njoo usimame na Mama. Mimi usinitetee.

Wabusu watoto.

Ni mimi dada yako,
Chemutai