Sauti Iliyo Mwishoni mwa Wimbo wa Nne

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Omer Mugisho Cirhuza
Umri: miaka 79
Kazi: mwalimu mstaafu wa Kifaransa na Kilatini
Makazi: Hodge Hill, Birmingham
Mahali na wakati: kituo cha polisi, Birmingham, Jumatano tarehe 26 Novemba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi
Yametolewa kwa Kiswahili mbele ya Konstebo Jatinder Gill na kuandikwa na mkalimani, Bi Aida Mkubwa

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Sikuitwa. Mnamo Ijumaa tarehe 21 Novemba niliwaambia madaktari kwamba sitarudi tena kwenye mashine ya kusafisha damu. Waliniambia nitaishi wiki moja, pengine mbili. Kesi hii, kama itakuwa kesi, haitaanza kabla ya Februari. Naomba basi niandikwe polepole na vizuri, kwa sababu sitakuwepo kusahihisha.

Nimekuja kwa ajili ya Mireille Nzigire, ambaye polisi walichukua kompyuta yake. Mireille hutunza wazee katika nyumba moja ya wazee, na Jumapili ndiye fundi wa sauti kanisani kwetu, mtaa wa Lozells. Si mtoto wangu wa kuzaa, lakini ndiye anayenikata kucha. Amewaambia polisi kwamba nyimbo zilizokutwa kwenye kompyuta yake alizinakili na kuzigawa kwa uamuzi wake peke yake. Huo ni uongo. Nyimbo ni nakala yangu, na kuzigawa nilimtuma mimi. Alisema uongo ili mzee mgonjwa asiburutwe kituoni. Sasa amesimamishwa kazi, na akipatikana na hatia hataruhusiwa tena kutunza wazee.

Konstebo amenionya kwamba nikiendelea hivi naweza kuwa mtuhumiwa badala ya shahidi, na kwamba nina haki ya kunyamaza. Nimemwelewa. Nimemwambia Bi Aida aendelee kuandika.

Mnamo mwaka 1988 nilikuwa nafundisha sekondari mjini Uvira, Kongo, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Kwaya ya kanisa letu la Kavimvira ilivuka mpaka hadi Bujumbura kurekodi kaseti ya nyimbo sita. Mtunzi na kiongozi wao alikuwa Ruben Byamungu, baba yake Ignace, yule aliyeleta malalamiko haya kwa polisi. Kaseti ziliuzwa mlangoni mwa kanisa. Ningeweza kununua. Sikununua. Niliazima ya mwalimu mwenzangu nikainakili nyumbani.

Sikuwa na redio ya milango miwili ya kaseti. Niliweka redio mbili mezani zikitazamana, moja ikiimba na nyingine ikirekodi, nikawaamuru watu wote wa nyumbani wanyamaze. Walivumilia nyimbo tatu. Wimbo wa nne ulipofika mwisho, pale waimbaji wanapovuta pumzi kabla ya kiitikio cha kufunga, mke wangu Nabintu alipiga kelele kutoka jikoni: "Fungeni mulango, kuku zinaingia mu nyumba!" Sauti yake ikaingia kwenye kaseti. Nilimkasirikia. Alinijibu, "Weye unaiba nyimbo za Mungu, mimi nachunga kuku zangu. Sasa nani ana zambi?"

Vita vilipofika Uvira mwaka 1996 tulikimbilia Tanzania, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu. Nabintu alikuwa ameifunga kaseti ile ndani ya kitenge pamoja na vyeti vyangu. Kaseti nyingine za kwaya ziliungua na nyumba au zilipotea njiani, na studio ya Bujumbura haikuwako tena. Ikabaki moja tu, ile ya wizi.

Nyarugusu nilimnakilia kila aliyeomba. Ruben mwenyewe aliusikia wimbo wake wa nne kwa mara ya kwanza tangu Uvira akiwa amekaa juu ya ndoo mbele ya hema letu. Kuku walipofika alicheka mpaka akashika mbavu. Aliniambia, "Mwalimu, umeniibia, halafu ukaniongezea mwimbaji."

Watoto waliozaliwa kambini walidhani maneno yale ni sehemu ya wimbo. Ikifika pale wote walipaza sauti: "Fungeni mulango!" Mpaka leo, baada ya wengi wetu kuhamishiwa Uingereza, kanisa zima la Lozells hupaza sauti pale, wazee kwa vijana, hata watoto ambao Kiswahili chao kingine ni cha kuomba maji tu. Mhubiri mmoja mgeni alihubiri kwa kirefu kwamba mlango ule ni moyo na kuku wale ni dhambi ndogondogo. Nilikuwa kiti cha mbele. Niliitikia amina.

Ruben alifariki kambini mwaka 2001. Nabintu alifariki kambini mwaka 2004. Sina picha yake hata moja. Nina sentensi ile.

Naomba na hili liandikwe, ingawa hakuna aliyelalamika. Shule ya kambini ilipewa kompyuta nne za msaada ambazo hazikuwa na programu yoyote ya maana. Nilinakili programu ya kuandikia na ya mahesabu kutoka kwenye diski ya mgeni aliyepita, na kila kompyuta ilipodai namba ya ruhusa niliipa namba ileile. Vijana wakajifunza kuchapa. Mmoja wao leo anatunza vitabu vya hesabu vya kampuni hapa Birmingham. Mwenye programu ile hakupoteza mnunuzi kwangu, maana hapakuwa na duka la kuniuzia wala mimi sikuwa mtu wa kuuziwa. Sijawahi kumwomba Mungu msamaha kwa jambo hilo. Leo pia siombi.

Kwa Ruben ni tofauti kidogo. Ruben nilimjua uso.

Kwetu mtu akifiwa, kila nyumba huleta kitu kwenye kilio. Wengine huleta viti, wengine fufu na samaki, wengine magari ya kubeba wageni. Mimi huleta nyimbo. Zamani zilikuwa kaseti, kisha sidii, siku hizi ni flashi ndogo ambayo Mireille huiandaa kwa sababu vidole vyangu vinatetemeka. Mama Immaculée, mama yake Ignace, nilimpa sidii yake mwaka 2012 alipofiwa na dada yake. Ignace alizichukua nyimbo kutoka kwenye sidii hiyo. Alizisafisha kwa kompyuta, akazisajili kwa jina la marehemu baba yake, na mwaka jana akaanza kuziuza kwenye mtandao.

Mnamo Jumamosi tarehe 8 Novemba, mnamo saa kumi jioni, tulikuwa kwenye kilio katika ukumbi mmoja Lozells. Mireille alimkabidhi mjane flashi. Ignace alikuwa amesimama karibu na birika la chai. Alisema, "Mireille, hiyo ni mali. Nimeisajili."

Mireille alimjibu, akimwita kaka kama ilivyo kwetu, "Yaya Ignace, umesajili na kilio? Basi tukitaka kulia tukuletee barua?"

Watu walicheka. Mjane naye alicheka. Hapo Mireille alikosea, kwa sababu mtu hachekwi hadharani kwa jina la baba yake. Nilimwona Ignace akiweka kikombe chini bila kunywa. Mnamo Alhamisi tarehe 13 Novemba polisi walifika kwa Mireille wakachukua kompyuta na flashi zote.

Mnamo Jumapili tarehe 23 Novemba, saa tisa alasiri, Ignace alikuja kwangu Hodge Hill. Mama yake alikuwa amemtuma na supu ya samaki. Alikaa kwenye kiti cha Mireille, akaniambia, "Papa Omer, mimi sina vita na Mireille. Lakini Papa Ruben alikufa hana hata viatu. Kambi yote iliimba nyimbo zake, kila hema. Nani alimuletea hata sabuni?"

Nilimjibu, "Hakuna."

"Hata weye?"

"Hata mimi."

Konstebo ameuliza kama nataka kupumzika. Iandikwe kwamba nimeomba maji.

Kisha nilimwambia Ignace atoe simu yake apige wimbo wa nne, ule ule anaouza. Tulisikiliza. Kuku walipofika nilimuuliza, "Huyo ni nani?"

"Ni mama mmoja wa kwaya. Papa aliiandika hivyo, ni mfano. Nimeiweka hata kwenye maneno ya wimbo."

"Na kuku zilifikaje studio, Bujumbura?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Nilimwambia kwamba yule ni Nabintu, na kwamba mkwaruzo unaosikika baada yake ni kiti changu, nilipoinuka kwenda kumgombeza. Alirudisha wimbo nyuma akasikiliza simu ikiwa sikioni. Aliuliza, "Mama Nabintu? Mwenye alikuwa ananipakaa mawese kwenye kidonda?"

"Huyo."

Kisha alifunua bakuli la supu akaniambia nile kabla haijapoa.

Sasa nasema ninachotaka mahakama isikie. Alichonakili Mireille si kaseti ya Bujumbura. Hiyo haipo duniani. Amenakili nakala yangu. Anachouza Ignace ni nakala yangu vilevile, na ushahidi ni sauti ya mke wangu ndani yake. Kama huu ni wizi, mwizi ni mimi, na hao wawili wote wamepokea kutoka mkononi mwangu. Mnipeleke mimi. Nisingenakili mwaka 1988, Ignace leo asingekuwa na kitu cha kusajili, watoto wa Lozells wasingejua kwamba kulikuwa na mtu anaitwa Ruben Byamungu, na mjane yule angezika mume wake kwa nyimbo za redio. Sheria inayomwita Mireille mhalifu kwa hilo naiheshimu kama ninavyoheshimu kitu chochote kilichoandikwa na watu ambao hawajawahi kukimbia na vitu vyao vyote ndani ya kitenge.

Ignace ana haki ya jina la baba yake. Aliandike kwa herufi kubwa kadiri anavyotaka. Lakini mstari wa kuku si wa Ruben. Auandike kwa jina la Nabintu M'Bahizire, ama aufute kama anaweza.

Leo asubuhi nilikuwa nimeagiza teksi. Ignace alifika kabla yake. Aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia ninakwenda kujishitaki mwenyewe ili kesi yake iharibike. Alisema, "Sawa, Papa. Lakini hauendi na teksi nikiwa hai." Amenishika mkono mpaka mlangoni. Hajafuta malalamiko. Yuko nje, ndani ya gari.

Konstebo ameuliza kaseti ya mwaka 1988 iko wapi. Iko mfukoni mwa koti langu. Ameniambia ataichukua kama kielelezo. Nimemuuliza itarudi lini, akasema kesi ikiisha. Nimemkumbusha habari ya madaktari. Ndipo akasema kwamba polisi wakipokea kielelezo cha sauti, jambo la kwanza ni kukinakili, kisije kikapotea. Nimemwomba Bi Aida aiandike sentensi hiyo kama ilivyotamkwa.

Nimesomewa yote haya kwa Kiswahili na sijabadilisha neno. Niliyoyafanya ndiyo haya. Kunakili sijutii. Ninajutia sabuni.

Sahihi ya shahidi: O. Mugisho Cirhuza

MAELEZO YA AFISA

Maelezo yaliyo juu yamechukuliwa nami kupitia mkalimani. Shahidi ni dhaifu wa mwili lakini akili yake ni timamu. Amepumzika mara mbili.

Nimepokea kaseti moja, kielelezo OMC/1. Imenakiliwa hapa kituoni kwa mashine ya zamani ya mahojiano yenye milango miwili, iliyotolewa stoo. Ingawa mashine hiyo haihitaji kimya, shahidi alituomba tunyamaze mpaka mwisho wa wimbo wa nne. Tulinyamaza. Nakala moja imewekwa kwenye jalada. Nakala ya pili amepewa shahidi, kwa ombi lake, kwa matumizi yake binafsi.

Bw. Ignace Byamungu aliingia kituoni kumchukua shahidi wakati kaseti ikiendelea, akasimama mlangoni mpaka ilipokwisha. Kisha aliniuliza kama na yeye anaweza kupata nakala. Nimemwambia amwombe mzee.

J. Gill, Konstebo