Mama Alirudi Kutoka Uswidi na Sanduku la Vitu vya Dukani

Shangazi Yustina, shikamoo. Naomba unisaidie, na nakuomba usinicheke, kwa sababu jambo lenyewe lilianza kama kichekesho na sasa mie nimefika mahali sijui kama nicheke au nilie.

Mimi ni mke wa mtu, karani katika ofisi moja ya mjini, naishi Kibamba na mume wangu Elibariki pamoja na mama yangu mzazi, Mama Apolonia, mjane, mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba. Kaka yangu Brightson anafanya kazi Uswidi, na mwaka jana alimtumia mama tiketi akakae naye kipindi cha baridi, amwone mjukuu wake Blessing ambaye alikuwa anamwona kwenye simu tu, na sie huku tulifurahi sana, tukamfungia senene wa kukaanga na kahawa, kwaya yake ikamwombea safari, akaondoka.

Aliporudi, unajua watu wanavyomsubiri mtu aliyetoka Ulaya, mama mdogo alitoka Kimara asubuhi na mapema akakaa karibu kabisa na sanduku, wanakwaya wenzake mama nao wakaja, tukafungua, na ndani hamkuwa na viatu wala manukato wala hata kitenge, mlikuwa na vitu vya supamaketi, vidogo vidogo, ambavyo hakuna aliyevielewa: mikate mikavu kama kadibodi, hamira mbichi iliyokuwa imeshaanza kunuka, rangi za keki wakati mama hajawahi kuoka keki maishani mwake, kibrashi ambacho picha yake inaonyesha ni cha kusafishia uyoga, na tyubu nyingi za bluu. Wanakwaya waligawiwa pipi nyeusi, kumbe zina chumvi, na mmoja wao, Mama Romani, aliitoa yake mdomoni kwa heshima akaifunika kwenye leso. Mama mdogo akachukua tyubu akijua ni dawa ya meno, kesho yake akapiga mswaki, kumbe ni mayai ya samaki yaliyosagwa, akanipigia simu amekasirika anasema dada yake amemfanyia makusudi.

Tukacheka, Shangazi. Nakiri tulicheka kwa siku nyingi, na mama alikuwa anacheka na sisi. Lakini vile vitu alivipanga kabatini kwake kama vyombo vya harusi na hakutaka mtu avitupe, mpaka Jumamosi moja nilipokuwa nafanya usafi nikaichukua ile hamira iliyooza, mama akaniambia niiache. Nikamuuliza hiki ni kitu gani kwani. Akasema hajui. Nikamuuliza, kama hujui ni nini, ulikinunua cha nini?

Akakaa kitandani, akaanza kunieleza taratibu, huku ameangalia mikono yake. Kule kwa Brightson watu wanatoka asubuhi wote, kaka kazini, wifi yangu Bupe hospitali anakofanya kazi ya unesi, mtoto anapelekwa chekechea. Brightson alishamwambia mama asiguse kitu, amefanya kazi sana maishani, sasa apumzike, vyombo vinaoshwa na mashine, chakula kipo kwenye friji, na kwa upendo kabisa akampa kadi ya benki atumie anavyotaka. Basi mama anakaa. Nje giza linaingia mchana. Mtoto akirudi amechoka, anaongea lugha ya kule, anakula analala. Majirani wanapishana kwenye ngazi bila neno, na mama anasema ilifika siku alisikia sauti yake mwenyewe ikamshtua, maana tangu asubuhi alikuwa hajaitoa.

Chini ya lile jengo kuna supamaketi, na kwenye kaunta anakaa mama mmoja mtu mzima mwenye mvi. Mara ya kwanza mama alishuka kununua chumvi, na yule mama wa kaunta akamwangalia usoni akatabasamu akamwambia "hei hei", salamu yao ya kule. Mama akajibu. Kesho yake akashuka tena, na keshokutwa, ikawa ndiyo kazi yake.

"Huwezi kuingia dukani ukamsalimia mtu ukatoka, mwanangu," akaniambia. "Lazima uwe na kitu mkononi. Kwa hiyo nilikuwa nachukua chochote, kidogo tu, cha kunipa haki ya kupanga foleni."

Siku yule mama wa kaunta akiwa hayupo, anakaa kijana anayepitisha bidhaa bila kuinua macho, na mama anarudi juu na kikopo chake cha samaki anakaa nacho mapajani mpaka wenye nyumba warudi.

Shangazi, nilishindwa hata kumshika mkono. Nilichoweza ni kuirudisha ile hamira kabatini. Mama akanisihi, nami nikaahidi, Brightson asijue kamwe, kwa sababu alimtunza vizuri, na ni kweli alimtunza, ndiyo maana nachanganyikiwa, sioni wa kumlaumu.

Sasa Brightson amepiga simu. Bupe ni mjamzito, atajifungua karibu na Krismasi, na wanataka mama aende tena, safari hii akae muda mrefu zaidi. Nilijaribu kupitia kwa mbali, nikamuuliza kaka, hivi unadhani mama hakupata upweke kule? Akanijibu kwa furaha, "Mama? Alikuwa kila siku anashuka dukani kutembea, anarudi na vitu vyake. Hajawahi kukaa vizuri vile."

Na mama mwenyewe alipoulizwa kwenye simu alisema ndiyo hapohapo, akacheka, halafu jioni hakula. Ningesema hataki kwenda, lakini juzi nimemkuta amefua sweta lake zito ameanika, na jana amemwomba Elibariki amtafutie kwenye simu namna ya kusema "habari za nyumbani" kwa Kiswidi. Mtu asiyetaka kwenda anajifunza salamu za nini? Elibariki anasema nisiingilie mambo ya mama na mwanawe. Nikimwambia kaka nimevunja ahadi, nikinyamaza nampeleka mama yangu akakae tena na kikopo mapajani. Nifanye nini?

Ni mimi, binti wa Kibamba, jina langu naomba msilitoe.

*

SHANGAZI YUSTINA ANAJIBU

Binti yangu, marahaba, na pole. Sikukucheka. Barua yako niliisoma mara ya pili nikiwa nimesimama.

Lakini nitakugombeza kidogo, vumilia. Umenieleza anavyofikiri Brightson, umenieleza anavyofikiri Elibariki, hata mama mdogo na meno yake nimemjua. Umechungulia sweta kwenye kamba na sahani isiyoliwa kama mpelelezi. Mama yako yupo chumba cha pili na hujamuuliza anataka nini. Unaishi naye nyumba moja, unamwandikia mtu wa gazetini.

Unachanganyikiwa kwa sababu unataka jibu liwe moja, ama anataka kwenda ama hataki. Mama yako anataka kumbeba mjukuu wake na anaiogopa ile nyumba mchana. Yote mawili ni ya kweli. Anajifunza salamu kwa sababu anajiandaa kwenda vitani peke yake, na wewe unaona ni dalili ya furaha.

Kuhusu ile siri: ni yake, usiipeleke wewe. Aliyekaa na kikopo ni yeye, na atakayemwambia Brightson ni yeye. Kazi yako ni kumshawishi aseme, na kukaa pembeni yake wakati anasema. Asiogope kumwumiza. Brightson ni baba wa mtoto, karibu wawili, ataumia, kisha atajua la kufanya. Kinachomnyima usingizi mtoto mwema ni kugundua ukweli huo mama akiwa hayupo tena wa kuombwa radhi.

Yapo ambayo unaweza kumwambia kaka yako leo, bila kuvunja ahadi yoyote. Mwambie aache kumfanya mama mgeni. Mwanamke aliyefundisha madarasa yaliyojaa watoto huwezi kumkalisha kwenye kochi ukaita hiyo ni heshima. Ampe jiko apike, ampe mtoto ambebe, amwache amfundishe Blessing Kiswahili, maana huyo mtoto asipomwelewa bibi yake hasara ni ya kwake. Bupe atakuwa nyumbani na kichanga, atahitaji mtu mzima wa kuongea naye kuliko mama anavyomhitaji yeye. Watanzania kule hawakosekani, awatafute, ajue wanasali wapi Jumapili. Na tiketi ya kurudi iwe ya kubadilishika, mama aambiwe waziwazi kwamba siku akisema imetosha, imetosha, hakuna atakayenuna.

Na nyie wa huku, acheni kicheko cha tyubu. Alikuwa anacheka na nyie ili msiulize.

Sasa fanya hivi, na ufanye wiki hii kabla tiketi haijakatwa. Jumapili baada ya ibada mtoe Elibariki aende kwa rafiki zake. Weka simu mbali. Lete ndizi za kupika, kaa naye jikoni mmenye, mikono yote miwili ikiwa na kazi, kisha muulize: "Mama, unataka kwenda?" Atakujibu ndiyo haraka haraka. Jibu hilo usilipokee. Mwanamke aliyezoea kutosumbua watu, jibu lake la kwanza huwa la kumridhisha aliyeuliza. Wewe endelea kumenya, usimsaidie neno, usijaze ukimya. Jibu la pili litachelewa, na litakuwa refu. Hilo ndilo mtakalompigia nalo simu kaka yako, hata kama wewe hulipendi.