Mkaguzi Ameuliza Nani Alinisaidia

Jumanne, Tabora

Mkaguzi wa shule, yule Mzungu niliyemngoja tangu masika, leo amesoma uthibitisho wangu wa hisabati kuhusu mistari inayokatana.

"Ni sahihi," akasema.

Nikamwomba anipendekeze nikasome hisabati Ulaya.

"Nani alikusaidia?"

"Nimeufanya mwenyewe, bwana."

Akacheka. Mwafrika, akasema, zinamtosha hesabu za ukarani. Kisha akanihamishia shule ya kijijini Bukene, nikawafundishe watoto kujumlisha. Miaka yote ile ya kujisomea usiku...

Mke wangu, Veronika, ameniuliza kama sasa nitaacha.

"Niache nini?" nikamfokea. "Aliyenikataa ni yeye. Hisabati haijanifukuza."

Halafu nikalia mbele yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Veronika akainuka, akaanza kufunga vyombo vyetu vya safari ya Bukene.