Uso wa Yuda

Doornfontein, Johannesburg, 2017

Mama mpenzi,

Barua hii na ikukute ukiwa na nguvu, na lile goti limetulia. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na nikikuficha nitapasuka.

Unajua nafanya kazi kwenye karakana ya fremu. Basi wazee wa kanisa letu la Wakongomani kule Hillbrow waliniomba niwachoree ukutani Karamu ya Mwisho, nikiiga picha ya zamani kama ile iliyo juu ya meza yako. Bosi wangu, mzee anayezijua picha hizo, akanieleza kwamba ni za karne ya kumi na tisa. Mtume mmoja alipewa sura ya tajiri aliyelipia, na Yuda akapewa sura ya mgeni fulani maskini wa sokoni. Ndiyo maana yeye peke yake ni mweusi. Mama, hapo nikakumbuka nyumbani. Wanao walinicheka pale mezani wakiniita Yuda kwa kuwa niliwazidi weusi, na wewe ulinyamaza.

Sasa sikia ya hapa. Papa Deo, mzee aliyenunua rangi, akataka Petro awe na sura yake. Mwenzake akadai Yohana. Yuda akakosa wa kumpa sura. Papa Deo akaamua, "Eish, huyu umuache vile eko. Mweusi. Bantu bote banamujua." Yaani watu wote wanamjua Yuda kwa weusi huo.

Sisi! Sisi tunaotukanwa ugeni kila siku mitaani, nasi tunatafuta mgeni wetu! Nilikasirika sana.

Petro nilimpa sura ya Papa Deo, kama alivyotaka. Lakini nilikoroga kopo moja la kahawia, nikawapaka wote kumi na wawili, na mfuko wa fedha unaomtambulisha Yuda sikuuchora. Jumapili watu wakasahau hata kuimba, wakaulizana: "Yuda ni yupi?" Papa Deo akasogea ukutani, akakagua uso mmoja mmoja hadi akafika kwenye wake. Akanigeukia: "Ni miye?"

Jumatatu wakapaka chokaa ukuta mzima. Wiki tatu za kazi yangu, Mama! Nimechoka nao.

Nakuomba jambo moja tu: iteremshe ile picha yako. Msalimie shangazi mshonaji, na kaka mkubwa aliyeanzisha kile kicheko. Mwambie simchukii, ila asiwarithishe wanawe kicheko hicho.

Mwanao,
Kasongo. Si Yuda.