Daktari Ameuliza Kama Kwetu Yupo Mwingine

Machi 4

Baba,

Shikamoo. Natumaini miguu haikusumbui sana na kibanda cha viatu bado unakifungua. Huku tu wazima, ila si sana.

Barua hii nimeiandika na kuichana mara tatu. Nina doa jeupe utupuni. Linawasha, ngozi imekaza, na haja ndogo inachoma. Mwanzo nilidhani ni tapentaini, maana sisi wapaka rangi tunaifutia mikono kisha tunajisahau. Mkweo ameliona. Hakupiga kelele. Alikunja nguo za mtoto, akaenda kwao. Sijatoka nje ya ndoa, Baba. Kwenye duka la dawa muuzaji alitamka "kisonono" foleni nzima ikasikia. Dawa zake nimezimaliza mara mbili, doa liko palepale. Nifanyeje?

Mwanao

Machi 19

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ni uzee tu, tuiache.

Barua yako niliisoma kibandani, nikaikunja haraka mteja alipoingia. Mambo hayo mtu haandiki. Mke haondoki bure. Nenda kamwombe radhi, na hilo lingine litaisha lenyewe. Usiniandikie tena habari hizo.

Baba yako

Juni 2

Baba,

Shikamoo. Nilinyamaza kwa sababu ulinikataza, na leo naandika kwa sababu nimeagizwa.

Nilikwenda hospitali kubwa. Daktari ni mwanamke, rika la mkweo. Aliponiambia nivue, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akanitazama kama ninavyotazama mimi ukuta wenye unyevu, akasema, "Hili si la zinaa." Akakata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yakaja: ni ugonjwa wa ngozi, hauonekani mara nyingi, wala hauambukizi. Napaka dawa kila siku na muwasho umepungua.

Mke wangu nilimpeleka asikie mwenyewe. Tulipotoka alinishika mkono. Amerudi nyumbani.

Daktari ameuliza kama kwetu yupo mwingine, maana pengine hutembea kwenye ukoo, na ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka saratani. Nimemwambia sijui. Baba, yupo?

Mwanao

Septemba 11

Mwanangu,

Marahaba. Msalimie sana mkwe wangu.

Yupo. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa.

Mama yako aliliona doa langu. Aliniuliza mara moja tu, "Ni nani?" Nikamjibu hakuna mtu. Akahamishia mto wake chumbani kwenu. Ninyi mlidhani anakimbia kukoroma kwangu. Alikufa akiamini yupo mwanamke mwingine. Nilipoisoma barua yako ya kwanza nilijiona mimi, ndiyo maana nikakufokea. Nisamehe.

Sasa pana kidonda kisichofunga. Miezi yote hii nilikuwa natafuta namna ya kuandika maneno hayo.

Jumatatu napanda basi kuja kwako. Nipeleke kwa huyo daktari wako. Uingie nami ndani, peke yangu sitaweza. Ila nikianza kuvua, nakuomba utazame dirishani.

Baba yako