Jabali Linalonyang'anya Neno

Mpendwa ndugu yangu Athumani,

Tangu tukuzike sijakuandikia, kwa kuwa naona si adabu kumsumbua aliyelazwa. Leo nimelazimika. Askari wameiondoa seng'enge waliyoizungushia majabali ya karibu na mnara wa taa wakati wa vita. Njia iko wazi tena, na mwanao Rukia ameijua.

Unakumbuka mama alivyotulea. Penye kizuri tuseme Mashaallah, penye cha kutisha tuseme Audhubillahi. Mtu asikodoe macho bila neno. Wewe ulikuwa mwepesi wa kutii. Ulipomaliza kuchonga ule mlango wa Bondeni, uliusemea Mashaallah wewe mwenyewe kabla ya mwenye nyumba, watu wakakucheka. Ni majabalini tu ulikokuwa bubu.

"Sema neno," nilikuambia siku moja ya upepo wa kusi, tuliposimama karibu na lile tundu ambalo bahari hupumulia.

"Lipi, kaka? Ni zuri, na laogofya. Nikishika neno hili, lile lanikimbia."

"Basi yaseme yote mawili, moja baada ya jingine."

Ulitabasamu bila kunitazama. Nilidhani ni ukaidi.

Wavuvi wa Liwatoni ndio waliokuona mara ya mwisho. Walikuita kutoka mashuani, hukugeuka. Walituapia kwamba hukuteleza. Ulikwenda mbele taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa ndani, mdomo wazi.

Rukia sasa ni mwari, na hajawahi kunijibu vibaya. Juzi, akipepeta mchele, aliniuliza, "Ami, ni kweli jabali lapumua?" Nilijua nikimkataza atakwenda peke yake. Kwa hiyo jana, baada ya swala ya alasiri, nilimpeleka mwenyewe, alione mara moja nikiwa ubavuni pake, hamu imwishe. Maneno yote mawili nilikuwa nimeyaweka ulimini, kama mtoto wa chuo cha Kurani aendaye kusikilizwa.

Kwanza jabali lilivuta pumzi, na mwamba ukatetemeka chini ya makubadhi yangu. Kisha maji yakaruka, meupe, marefu kuliko minazi, na jua likayatia rangi. Moyo wangu ulisinyaa. Papo hapo kitu kikapanuka ndani yangu, nikaona raha ya ajabu kuwa mdogo kiasi kile. Nilijua kwamba maji yale yaweza kuniua. Kujua huko hakukuupunguza utamu, ndiko kulikouzidisha. Nililitafuta neno. Halikuwapo.

Nilimgeukia Rukia nisikie la kwake. Mdomo wake ulikuwa wazi, na macho yalikuwa macho yako, Athumani. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu, nasi tulikuwa tunatembea.

"Nyie!" muuza mihogo alitupigia ukelele kutoka nyuma. "Mwenda wapi? Papa leo hawana karamu! Na wewe mzee mzima na kanzu yako, huoni haya?"

Tulisimama. Makubadhi yangu yalikuwa yamelowa. Sijui ni nani kati yetu aliyekuwa akimvuta mwenziwe.

Sasa nimekuelewa, Athumani, na kukuelewa kumenitia hofu kuliko kukuzika. Miaka yote hii nilisema ulikufa kwa kuwa hukusema neno. Jana niliona kwamba neno hunyang'anywa kinywani kwanza, kisha miguu ndiyo hujibu.

Asubuhi hii Rukia aliniamkia kwa adabu ile ile, akaniandalia uji, akanikunjia mkeka. Kisha akauliza kwa upole, "Ami, leo twenda tena?"

Jibu ni moja tu, nami nimeishi kwa kuwakataza watu. Lakini nimeikamata kalamu hii badala ya kumjibu. Amesimama mlangoni, ameshavaa buibui. Makubadhi yangu aliyaanika juani. Ameyaleta, yamekauka, ameyapanga mbele ya miguu yangu.

Pumzika huko uliko, ndugu yangu, na kama dua ya waliotangulia hufika, niombee kinywa.

Kaka yako, ambaye bado hajamjibu mwanao